Masikio ya Mpwa Wangu

Mwaka ule chuo kikuu kilifungwa ghafla, nikarudi nyumbani Cheptiret nikiwa na maoni juu ya kila kitu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa na miaka saba na aliishi na mama yangu. Alizaliwa albino. Mama hakumruhusu kutoka nje bila sweta ya mikono mirefu na kofia pana ya majani iliyofunika hata masikio.

"Mama, hapa ni baridi," nilimwambia. "Jua gani litachoma mtu anayetetemeka? Sema tu unamficha watu wasimwone."

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. "Wewe ndiye umesoma," alisema.

Juma hilo shule ikatangaza kwamba wanafunzi watasimama kando ya barabara kuu kuupungia msafara wa Rais. Kofia zibaki nyumbani. Kuzivaa mbele yake ni kukosa adabu. Mama alitaka mtoto asiende. Mimi nikashikilia aende kama wengine. Kulikuwa na mawingu. Nikampaka uso mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka akang'aa, kofia nikaiacha msumarini.

Saa tatu walikuwa wamepangwa mstari. Saa tano mawingu yakaachana. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, na chai ikanishinda kunywa. Saa sita nikavuka. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu, kope zimevimba, na bado alikuwa akiimba.

"Mwalimu, huyu mtoto anaungua."

Mwalimu alimtupia jicho mwanamume mwenye koti aliyesimama nyuma ya watoto, asiyeimba wala kupunga. "Chuo chenu kimefungwa kwa sababu ya midomo," akaninong'oneza. "Mimi nina watoto watano. Mstari hauvunjwi."

Nilijaribu kumkinga kwa mwili wangu, lakini jua lilikuwa utosini na kivuli changu kiliishia miguuni pangu. Nikavua shati, nikalitandaza juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Mwenye koti akanitazama kwa muda mrefu. Sikushusha mikono. Magari yalipopita hatimaye, vioo vilikuwa vimefungwa.

"Nimempungia," mtoto alisema. "Ameniona?"

Jioni mama alimwekea vitambaa vya maji baridi. Masikio yalikuwa yametoka malengelenge.

"Ulimpaka mafuta," mama alisema, "kama unayetaka kumkaanga."

Akakamua kitambaa kingine, akakiweka juu ya sikio.

Malengelenge yalikauka, ila kwenye sikio la kushoto kilibaki kidonda kidogo kilichokataa kupona. Kila asubuhi nilikichungulia, nikijiuliza kama kimekua tangu jana. Siku ya kwanza ya kurudi shule mama alinikabidhi kofia. Nikaishusha mpaka chini ya masikio, nikakaza kamba.

"Mjomba," mtoto alisema, "unaninyonga."

Nikailegeza kidogo. Kisha nikaikaza tena.