Uzi wa Kusuka

Mzee Naftali alikuwa amefikia umri ule ambao Jumamosi huwa ndefu kuliko wiki yenyewe. Mkewe Mumbi alikuwa ameshapumzika kaburini, watoto walikuwa na mbio zao, na yeye alibaki na nyumba ya Walthamstow pamoja na kadi ya wazee ya kupanda basi bure. Kadi hiyo aliitumikisha. Aliweza kutoka kwenda kununua kiberiti, akarudi jioni hana kiberiti ila ana habari za nusu ya London.

Ndiyo maana siku Norbert aliposema, kwenye chai ya baada ya ibada, kwamba mwenzake wa kuvua samaki amehamia Birmingham na anatafuta mtu wa kuketi naye Mto Lea kila Jumamosi, mkono wa Naftali uliinuka kabla akili haijaulizwa.

"Unajua kuvua, Papa?" Norbert alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu aliyekua na mguu mmoja ndani ya ziwa, na kila mzee kwake alikuwa Papa.

"Mimi na samaki tunajuana," Naftali akajibu.

Walijuana, ndiyo, lakini kwa mbali. Kwao Murang'a, alipokuwa mdogo, samaki alihesabiwa kuwa binamu ya nyoka, na nyanya yake aliwahi kutoroka jikoni kwa sababu ya kopo la dagaa. Ndoana Naftali hakuwahi kuishika. Alichokitaka ni Jumamosi yenye mtu ndani yake.

"Sawa basi," Norbert akasema. "Kibali ya kuvua nitakusaidia kutafuta. Fimbo na rili ya ziada, ile ya kuzungushia uzi, niko nayo, nitakupa. Weye nunua uzi tu. Lakini usilete nailoni, ile inavutika kama mpira. Leta uzi ya kusuka. Iko nyembamba, iko na nguvu. Samaki akigusa chambo tu, unasikia mpaka kwa mkono."

Mtu mwingine angeuliza unauzwa wapi. Lakini aliyekwisha kujuana na samaki haulizi maswali kama hayo. Tena kuuliza kwa nini? Mumbi alisukwa nywele kwa uzi mweusi miaka yote ya ndoa yao. Uzi wa kusuka unauzwa Peckham, saluni kwa Nyambura.

Akapanda basi, akashuka, akapanda jingine, akapitiliza kituo kwa kutazama watu, akarudi. Nyambura, waliyekuwa wakisali naye kanisa moja, alimpokea kwa mshangao.

"Mzee! Umepotea?"

"Sijapotea. Nataka uzi wa kusuka. Mweusi, ule wenye nguvu kuliko wote."

Mtu akazima draya.

"Wa nani, Mzee?"

"Wangu."

Nyambura akakitazama kichwa chake, ambacho kilikuwa kimebaki kama yai la bata. "Wako?"

"Ni wa Jumamosi. Nimealikwa mtoni."

"Umealikwa mtoni!" Nyambura akawakonyeza wateja, kama mtu aliyenusa harufu ya mchumba. "Na huko unataka mrefu kiasi gani?"

"Wa kuvuka mto."

"Mungu wangu," akasema mama mmoja chini ya taulo, "hizo ni nywele ama ni kamba ya ng'ombe?"

Naftali hakuelewa kicheko kilikuwa cha nini. Alirudi nyumbani, akauzungusha ule uzi kwenye bobini ya rili aliyopewa na Norbert, vizuri sana, kama bobini ya cherehani, akaujaza mpaka ukamwagika mdomoni. Akajisifu. Akala mkate na chai kama mvuvi.

Jumamosi ikafika. Norbert alirusha chambo chake, uzi ukaimba, chambo kikatua ng'ambo bila kelele. Zamu ya Naftali. Alirusha kwa nguvu za ujana wake wote. Uzi haukuimba. Ulitoka wote kwa pamoja, kama matumbo ya mbuzi, ukatua majini, ukanywa maji, ukavimba. Alipouvuta ukakatika, na kile kisamaki cha bandia alichoazimwa kikabaki kikining'inia kwenye mti, kikimtazama.

Norbert akainama, akaushika ule uzi, akaunusa.

"Papa Naftali. Hii uzi inanukia mafuta ya nywele."

Naftali akaziona Jumamosi zake zikiteremka na mto, moja baada ya nyingine.

"Ni wa kusuka," akasema kwa sauti ndogo. "Ulisema wa kusuka."

"Ulinunua wapi?"

"Saluni."

Norbert akaketi chini kwenye majani. Alicheka mpaka mabata wakahama. Na hapo ilikuwa nafuu, maana kama angesema mshipi, wasemavyo watu wa pwani, Naftali angemletea mkanda wa suruali.

"Ulishavua hata siku moja, Papa?"

"Sijawahi. Hata kumla nimejifunzia huku."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Naftali akatazama viatu vyake. "Jumamosi ni ndefu, Norbert."

Norbert akafungua begi, akatoa uzi mpya, wa kijani, mwembamba kama unywele. "Ona. Hata hii imesukwa, nyuzi ndogondogo pamoja. Haukukosea sana. Chini tunaweka nailoni kidogo, isiteleze kwa bobini. Juu tunaacha nafasi, si kujaza kama gunia. Na lazima iingie imekazwa. Ikiingia legevu, umeona mwenyewe. Lakini kukaza ni kazi ya watu wawili. Tangu mwenzangu aende, nabana hii kitu kwa magoti, inaruka, inaingia majini."

Akalowesha kitambaa, akampa. "Shika, uzi ipite katikati ya vidole. Usiachie, usibane sana."

Hapo, hatimaye, Naftali akakutana na kazi anayoijua. Mumbi alifuma sweta za ukoo mzima, na yeye ndiye aliyeketishwa mbele yake, sufu imetandazwa mikononi, amekatazwa hata kupiga chafya. Norbert akazungusha mkono wa rili. Uzi ukapita kwenye kitambaa, umenyooka, ukajipanga.

"Eh! Ulijifunza wapi?"

"Kwenye sweta."

Samaki Naftali hakupata. Norbert alipata mmoja mwenye mistari ubavuni, akamrudisha majini, na Naftali akamsalimu kutoka mbali. Walipokuwa wakifunga begi, Norbert akasema, "Jumamosi ijayo uje na hicho kitambaa. Nataka kubadilisha uzi kwa rili zangu zote."

Kesho yake kanisani Nyambura alimsubiri mlangoni, akamvuta pembeni.

"Haya, Mzee, niambie. Aliupenda uzi?"

"Alicheka mpaka akaketi chini kwenye majani," Naftali akasema, uso umemng'aa. "Lakini Jumamosi nimeitwa tena."

Nyambura akaziba mdomo, akageuka, akakimbilia waliko akina mama. Naftali akaenda zake kutafuta chai, akishangaa jinsi watu wa saluni wanavyopenda habari za samaki.