Siku Nilipofungulia Mfereji Njiani

Nilifungulia mfereji, maji yakaingia kwenye njia ya watu, kwa makusudi, mchana kweupe, ili niteleze. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani wanaiita "ile ajali". Ajali haikuwepo. Nilikuwepo mimi.

Kwetu ni Nkoaranga, ubavuni mwa Mlima Meru, ambako mpira ukiuweka chini hautulii. Chungwa likimponyoka mtu jikoni, analifuata kwa jirani. Watoto wa huku tunajua kuteleza kabla ya kujua kusoma: unabandua gome la mgomba, unalikalia, upande wenye ute ukiwa chini, mwenzako anakusukuma. Masika ndiyo raha yenyewe, ila masika hiyo hiyo akina mama hutoka na ndoo za majivu ya jikoni na kuyamwaga njiani ili miguu ishike. Mchezo unaishia hapo. Mimi na majivu tulikuwa maadui wa siku nyingi.

Sasa kilikuwa kiangazi, niko kidato cha pili, na wiki ile mwalimu wa fizikia alikuwa ameweka tofali juu ya ubao ulioinamishwa. Tofali likagoma. Akapaka ubao mafuta, likashuka mpaka kwenye viatu vyake.

"Dunia inalivuta chini muda wote," akasema. "Friksheni ndiyo inayolishika. Ukiiondoa friksheni, usilaumu tofali."

Nikauliza kama friksheni ndiyo iliyonishika nisifaulu mtihani wa mwezi uliopita. Kipindi nilikimalizia nje, dirishani, lakini ile ya mafuta nilikuwa nimeielewa vizuri kuliko wote.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu ya maji. Mfereji unapita juu ya shamba letu, unakata ile njia ya kushukia nyumbani, na kazi yangu ilikuwa kuyageuzia maji kwenye migomba. Nikayageuzia njiani. Rafiki yangu, jirani tunayesoma naye, alinisaidia kuondoa udongo na kipande cha mgomba vilivyoziba upande wa njia. Njia ile ni mteremko mkali katikati ya mibuni, na chini kabisa inapinda ghafla, kwa sababu mbele yake kuna korongo. Sisi si wajinga. Tulipanga hatua kumi za mwisho zibaki kavu, ndiyo breki yetu. Nikajaribu mara mbili. Nilipofika pakavu, gome likashika, nikasimama pua ikiwa inachungulia korongo.

"Mwanangu, hii ni ndege," rafiki yangu akasema.

Tulikuwa chini, tunabandua gome jipya, nilipomwona mama juu.

Alikuwa amewahi kurudi. Kichwani ana mzigo wa majani ya ng'ombe, mgongoni amembeba mdogo wetu wa miezi minane, kalala. Na nilipoangalia breki yetu, haikuwepo tena. Maji yalikuwa yameshuka taratibu tukiwa tunacheka, yakailowesha yote mpaka ukingoni.

Rafiki yangu nikamwambia apite migombani akafunge mfereji. Alikimbia bila kuuliza. Mimi nikaanza kupanda njia. Hatua moja juu, mbili nyuma. Nikaanguka kifudifudi, nikarudi nilikotoka. Ile friksheni niliyoifukuza ndiyo niliyokuwa naihitaji.

"Mama, simama hapo hapo," nikaita. "Njia ina utelezi."

"Na juzi ilikuwa na chatu," akajibu, huku anakuja. Mwenye mzigo kichwani haangalii miguu yake. "Wiki iliyopita ng'ombe wetu kazaa mapacha. Toka njiani, nimechoka."

"Mama, safari hii ni kweli."

"Kweli ya chatu au ya mapacha?"

Zilibaki kama hatua nne afike penye maji. Nikafikiria kupiga kelele, nikaona atashtuka. Nikafikiria kulia, lakini hilo pia nimeshalifanya kwa utani. Zikabaki tatu. Mbili.

"Ni mimi nimefungulia mfereji," nikasema, wala si kwa sauti kubwa. "Nimemwaga maji njiani nicheze. Nimekosa."

Mimi sijawahi kukiri kitu kwa mama bila kushikwa sikio. Sahani ya wageni ilipovunjika nilimsingizia paka, na hatufugi paka. Mama akasimama.

Mguu mmoja ulikuwa umeshafika penye tope. Ukateleza. Akaachia mzigo, akakaa chini kwa kishindo, mkono wake ukashika shina la mbuni, mguu mwingine ukakwama kwenye mzizi. Mtoto akaamka akalia. Mzigo ukateremka peke yake, ukanipita kwa kasi, ukapita pale palipokuwa breki, ukatumbukia. Tulisikia majani yakigonga mawe korongoni.

Shina la mbuni lilikuwa limepinda.

Nilikwenda jikoni nikachukua ndoo ya majivu, yale yale. Nikamwaga konzi moja, nikakanyaga, nikamwaga nyingine mbele yake, nikakanyaga. Kila nilipotaka kukimbia nilikumbuka mzigo. Mama alikuwa ananiangalia tu, hapepesi macho, vidole vyake vimeng'ang'ania lile shina. Maji yalianza kupungua. Rafiki yangu alikuwa ameziba mfereji. Nilipomfikia mama nikazungushia majivu miguu yake yote miwili, nikamimina yaliyobaki pale alipokaa, nikamshika kiwiko. Akaachia mbuni, kidole kimoja kimoja. Akasimama.

Nilikuwa nimeandaa mashavu yote mawili. Badala yake akafungua kanga, akamshusha mtoto, akanipa. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Mbebe wewe, miguu yangu haina nguvu. Tangulia, kanyaga kwenye majivu, na usinichekeshe mpaka tufike chini."