Viatu vya Mwita Miguuni mwa Respicius

Jumuiya ilipomaliza sala kwa Flaviana, kule Springfield, ughaibuni, Respicius alichukua viatu vyeusi kwenye rundo la mlangoni, akavivaa huku bado anacheka, akaondoka. Kesho yake akashinda navyo kazini katika mji jirani wa Alexandria, akipaki magari ya wageni wa hoteli, akipanda na kushuka ngazi za jengo la maegesho.

Jioni alipofika nyumbani, Mwita, mwanajumuiya mwenzake, akampata kwenye simu.

"Wewe Mhaya! Tangu jana nakupigia. Umeniibia viatu, naburuza vyako kama mtoto!"

"Acha zako. Hivi ni vyangu."

"Hivyo ni namba nane, bwana. Wewe kumi. Havikubani?"

Respicius akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Hakuwa amesikia vikimbana hata kidogo.

Alipovua, soksi ilikuwa imelowa damu na ngozi ya kisigino imechubuka yote. Mkewe, Anitha, akashika kichwa.

"Mwaka mzima ganzi ya miguu unaniambia ni baridi! Na vidonge vya sukari unameza ukikumbuka!"

Respicius alimkumbuka baba yake, aliyekatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo. "Wangu haukatwi," akasema. "Nipeleke hospitali."

Daktari alimgusa nyayo kwa uzi mgumu, naye hakuusikia. Sukari ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu, na huenda ganzi isiondoke, lakini mguu ungeweza kuokolewa. Respicius akauliza jambo moja tu: "Nianze na nini leo?" Basi akaanza. Vidonge kwa wakati. Kila asubuhi kutazama nyayo kwa kioo na kupapasa ndani ya viatu kabla ya kuvaa. Na asitembee peku, hata ndani ya nyumba.

Hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho. Kidonda kilipopona, sala ilirudi kwa Flaviana, naye akasimama mlangoni na mfuko wenye viatu safi vya ndani.

"Shemeji, kwangu viatu vinabaki nje," Flaviana akasema, akitazama zulia lake.

"Mwache," Mwita akadakia, "leo analinda vyake!"

Wakaangua kicheko. Ingekuwa rahisi kuvua na kunyamaza. Watu wetu huficha sukari kana kwamba ni wizi, na ukimya huo unatukata miguu. Respicius akaketi kizingitini, akavua kiatu na soksi, akawaonyesha kovu.

"Mguu huu ulivuja damu kutwa nzima, mimi napiga soga na wageni. Sikuusikia. Mwenye sukari avue soksi. Leo tutazamane nyayo kwanza, ndipo tusali."

Flaviana akasogea, akaacha mlango wazi. Kisha Mwita, ambaye hakuwahi kumwambia mtu kuwa naye ana sukari, akainama akavuta soksi yake.

Respicius akavaa viatu vyake safi, akaingia, akaushika mguu wa mwenzake na kuuelekeza kwenye taa.