Abbasi na Utumbo Wake

Abbasi Sabiri si mtu wa kukaa. Ukimpa kiti atakishika mgongoni tu, huku macho yakiwa mlangoni. Ameuza supu ya utumbo pale mtaa wa Cheyo, jirani na stesheni ya treni, miaka ishirini na minane, na hakuna mteja aliyewahi kumkuta ameketi. Kwao wanasimulia kwamba babu wa babu yao aliwapikia wapagazi waliokuwa wakielekea Ujiji. Leo yeye anawapikia waendesha bodaboda na abiria wanaoshuka treni na njaa yao ya kutoka Dodoma.

Zamani kazi ilikuwa ya wawili. Abbasi aliusafisha utumbo, akapika, akatia chumvi. Kaka yake Nasri alionja. Kila asubuhi Nasri alijaza bakuli, akanywa taratibu, akatazama juu kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha akasema, "Bado kidogo." Abbasi akaongeza chumvi. Mwaka juzi Nasri alianguka pale pale jikoni, bakuli mkononi. Moyo, walisema hospitali. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Na Abbasi naye anatimiza hamsini na minne Desemba hii. Hilo ndilo lililomnyima raha. Akiinua sufuria, kifua kinabana. Akizungumza na mteja, vidole viwili viko shingoni vinahesabu mapigo, na mara nyingi anarudisha chenji isiyo sahihi kwa sababu amechanganya hesabu mbili. Mkewe, Kuluthumu, alichoka kumwona akizunguka uani akampeleka zahanati kwa nguvu.

Daktari pale ni Leonia, binti wa kutoka Igalula, wa umri wa mtoto wao Ummy.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niambie haraka, nimeacha sufuria motoni."

Leonia alimpima. Presha ilikuwa juu, mafuta kwenye damu nayo juu. Akaanza kumweleza kwamba ndani ya utumbo wa mtu wanaishi bakteria wasiohesabika. "Ukila nyama nyekundu kila siku, mzee, baadhi yao wanatengeneza kitu. Ini linakigeuza, kinaingia kwenye damu, na wataalamu wamekiona kwa wingi kwa watu wengi wenye maradhi ya moyo. Bado wanachunguza, lakini..."

Hiyo "lakini" Abbasi aliisikilizia nje, akiwa ameshatoka. Alichokuwa anataka amekipata: utumbo wake mchafu. Sasa, wewe unamwambia habari ya utumbo mchafu mtu ambaye tangu ujana wake kazi yake ni kuupindua, kuukwangua, kuumwagia maji ya moto, chumvi na ndimu mpaka ung'ae! Daktari alisoma miaka mingapi kuhusu utumbo? Yeye ana ishirini na minane.

Akajisafisha. Asubuhi maji ya chumvi na ndimu, mchana maji machungu ya msubili, jioni vidonge vya rangi mbili alivyonunua duka la dawa bila kuandikiwa na mtu. Siku ya kwanza alijisikia mwepesi, akatembea kwa maringo. Siku ya pili hakutoka karibu na choo. Siku ya tatu Kuluthumu alimkuta ameegemea ukuta, midomo imekauka, anasema utumbo umekaribia kutakata.

"Utatakata wewe kwanza, kwa sanda," alisema Kuluthumu, akaita bajaji huku analia.

Mganga hajigangi, na Abbasi hata mganga si yeye. Zahanati walimlaza, wakamtundikia dripu. Leonia akavuta kiti karibu. Safari hii mgonjwa asingeweza kutoroka, mkono umefungwa kwenye mpira.

"Nilikuwa sijamaliza," alisema Leonia. "Hao bakteria si uchafu, mzee. Ni kama wapangaji. Wengine wanakulinda, wengine wanakuharibia, na inategemea sana unawalisha nini. Umemeza dawa ya kuua wabaya na wema pamoja. Wape mtama, maharage, mboga za majani. Chumvi na nyama punguza. Na dawa ya presha kila siku, hiyo usiichezee."

"Na supu? Lazima nionje."

"Unaonja kiasi gani?"

"Bakuli."

"Mangapi?"

Abbasi alitazama dari. "Matatu."

"Hiyo si kuonja, mzee. Hiyo ni kula."

Alirudi nyumbani na uchungu wa mtu aliyefukuzwa kazi. Wiki nzima alikula ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo mama mkwe hutuma kutoka Itetemia, akilalamika kwamba anakula mkeka. Na supu sasa nani ataionja? Ummy ameolewa mbali. Akabaki Kuluthumu, aliyekaa na muuza utumbo miaka thelathini bila kuutia mdomoni, kwa sababu ya harufu.

Siku ya kufungua tena biashara Kuluthumu alisimama mbele ya sufuria, akafumba macho, akanywa kijiko kimoja. Akatema.

"Baba Ummy, umemwaga chumvi?"

"Ndiyo ile ile. Ya siku zote."

"Siku zote?" Aliweka kijiko chini. "Hii watu wanahifadhia samaki."

Abbasi akafungua mdomo kubisha, akamkumbuka Nasri. Bakuli, macho juu, bado kidogo. Na mkono wake mwenyewe ukiingia kwenye kopo la chumvi, asubuhi baada ya asubuhi, ukimwongezea kaka yake.

"Mimi ndiye nilikuwa natia," alisema. "Mama Ummy, mimi ndiye nilikuwa namtilia."

Kuluthumu hakumjibu kwamba si kweli. Alimwaga nusu ya supu, akaongeza maji na nyanya, akachochea. Kisha akaburuta benchi la wateja mpaka nyuma ya magoti ya mumewe.

"Moyo wa kaka yako umesimama. Wako bado unapiga. Kaa."

Mteja wa kwanza, kijana wa bodaboda, alifika akasita barabarani.

"Mzee Abbasi! Unaumwa?"

"Hapana," alisema Abbasi, akijifuta uso kwa kanzu. "Nimekaa."