Nilidhani Ameninunia

Mume wangu alinyamaza mwaka mzima, nami nikanyamaza. Sababu nilidhani naijua. Nilimwambia mbele ya ndugu zake kwamba shamba la uwele nalilima peke yangu. Wiki hiyohiyo mdomo ukamwenda upande, mguu ukawa mzito. Mdomo ukarudi, mguu ukapona, maneno hayakurudi. Nikasema sawa, ukininunia nami nakununia. Namwekea ugali na mlenda, simkaribishi. Pale kwetu Ihumwa, zikapita siku nzima sijasikia sauti ya mtu ila treni.

Ilikuwa miaka ile maduka yameanza kujaa tena. Binti yetu aliyeolewa mjini alikuja, akamkuta baba yake kavaa shati nje ndani wala hajali. Akatupeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akamwuliza mzee siku, mwezi, mahali tulipo. Mzee akajibu, polepole, lakini akajibu. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia daktari kumbe mdomo anao, ila hautumii kwangu.

Daktari hakubishana nami. Akamwomba mzee ataje wanyama wote anaowajua, upesi, mpaka aambiwe basi. Nikacheka moyoni. Huyu kanunua mifugo minadani maisha yake yote.

"Ng'ombe," akasema. "Mbuzi."

Kisha akaishia hapo.

"Endelea, babu."

Akamtazama daktari bila chuki, bila aibu, kama mtu aliyekaa kituoni asiyesubiri gari. Sura ile niliijua. Ndiyo aliyonitazama nayo kila jioni.

Daktari akaeleza kwamba ni kiharusi, mishipa ya damu kichwani imeziba, na pale panapomsukuma mtu aanze jambo pameumia.

"Bibi, hajakununia. Hawezi kuanza. Ukianza wewe, atajibu."

Nikamwuliza kama ana hakika hakuna hasira, hata kidogo. Akadhani naomba kutulizwa. Mimi nilitaka aniambie ipo. Aliyekununia anakufikiria, na ipo siku atachoka kununa.

Jioni nikaweka chakula, nikamkaribisha. Akasema asante. Nikangoja. Nikamwuliza kama ugali umeiva, akasema umeiva. Basi nikamwambia nilikosa, yale ya shamba, mbele ya ndugu zake.

"Shamba gani?"

Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza vizuri, akala, akanyoosha mikono nimnawishe.