Sahani za Samaki na Shingo ya Mama

Mama alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, tangu usichana wake huko Njombe. Kwao halikuwa jambo la ajabu, shingo za namna hiyo zilikuwa nyingi. Mie nilikuwa mtoto wa kulala mchana, na kitanda changu kilikuwa kifua chake. Naweka shavu pale kwenye uvimbe, yeye anaimba nyimbo za kwao, na sauti inanipita mwilini kabla haijafika masikioni. Ukiniuliza Chang'ombe ya enzi za Ujamaa ilikuwaje, sina cha kukusimulia ila hicho: joto la saa nane, mvumo wa kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba, na ile shingo ikiimba.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Mzaramo mtu mzima ambaye mama alimwita mama, hakuupenda ule uvimbe.

"Mwanangu huyu kakosa bahari tu," alimwambia baba. "Niachie mie."

Basi kila mchana ikaja sahani iliyofunikwa kawa: changu wa nazi, kamba, pweza. Baba naye alikuwa amesikia kwamba watu wa milimani wakishuka pwani shingo hunywea, akawa anatonesha aidini ya vidonda kwenye maji ya kunywa ya mama. Aliona ndiyo mapenzi. Yalikuwa mapenzi, sibishi.

Sahani ya jirani haikataliwi, wala hairudi tupu. Mama aliirudisha na maharage ya kwao, au ndizi, na kesho yake ikaja nyingine. Alikula zote, na bado akakonda. Macho yakamtoka, mikono ikatetemeka hadi chai ikamwagika kwenye kisosi. Nikilala kifuani nasikia moyo unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Watu wakaanza kunong'ona kuwa ana jini. Kila tusilolijua tunamtupia jini, kwa kuwa hana wa kumtetea.

Hospitali daktari alimweleza baba taratibu. Rovu la milimani huletwa na chakula kilichokosa madini joto, na mama alikuja nalo. Lakini sasa kulikuwa na jingine juu yake. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, ilikuwa imeigeukia tezi yake mwenyewe ya shingoni, inaichokoza ifanye kazi bila kupumzika. Hayo madini joto mnayompa, ya samaki na ya aidini, akasema, ni kuni mnaongeza motoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," baba akasema, akainamisha kichwa.

Dawa hazikutosha. Ilibidi tezi ikatwe, la sivyo moyo ungechoka. Ila mishipa ya sauti iko hapohapo, daktari alionya, anaweza kurudi bila sauti.

"Kateni," mama akasema. "Mtoto anataka mama, hataki wimbo."

Mie nilivitaka vyote viwili. Nililia chini ya kitanda, na sikuthubutu kumwambia mtu.

Alirudi na mshono mwembamba shingoni, kimya. Akitaka maji anaonyesha kikombe kwa kidole. Na sahani zikakoma; baba alikuwa ameshamweleza jirani maneno ya daktari. Mchana wetu ukawa mrefu, hauna harufu ya nazi.

Siku moja jirani akaja mikono mitupu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Akakaa mkekani, upindo wa kanga mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "kumbe nilikuwa nakulisha ugonjwa."

Mama akamgeukia. Kisha akafungua mdomo, na ikatoka sauti nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu nisiyemjua.

"Ulinilisha, mama."

Jirani alilia mpaka kanga ikalowa. Kesho yake akaleta mchicha wa nazi.

Kuimba, mama hakuimba tena. Nami niliendelea kulala palepale, shavu kwenye mshono, nikiusikiliza moyo wake ukitembea.