Dadu la Pande Ishirini

Dadu lilidondoka kutoka kwenye mkoba wangu wakati wa chai, likabiringika hadi chini ya meza ya mzee niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja cha ofisi, pale Ngara. Hakuliokota. Alilisukuma kwa rula mpaka miguuni pangu.

"Kijana, kumbe unapiga ramli?"

Nikasema hapana, ni mchezo. Jumamosi mchana tunakaa watu watatu mezani, kila mmoja anabuni mtu wake, mimi nasimulia yanayowakuta safarini, na dadu linaamua nani kafaulu. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuwa mganga. Karani wetu akauliza kama naweza kumwangalizia ng'ombe wa mjomba wake, kapotea huko Biharamulo. Hakuwa anatania.

Mzee akahamisha kiti. Miaka minne tumegawana chapati, sasa anakunywa chai dirishani, mgongo kanipa mimi. Jamani, iliniuma.

Huyu mzee aliingia nchini akiwa mgongoni kwa mama yake, wakitoka Burundi. Kila bosi mpya akija humuuliza, "Mzee, kwenu hasa ni wapi?" Yeye hujibu kwa adabu, halafu siku nzima hasemi neno.

Wiki ya pili nikamfuata. "Shikamoo mzee. Njoo Jumamosi ujionee. Ukimwona shetani, ondoka zako."

"Marahaba. Nitakuja na rozari."

Akaja nayo kweli, akaiweka mezani kando ya dadu.

Tukampa karatasi abuni mtu wake. Kazi, akaandika mfugaji. Alipozaliwa, akaandika Nyamiaga, kijiji cha hapa hapa Ngara. Akafikiri, akaongeza: baba yake, Nyamiaga, babu yake, Nyamiaga. Mambo ya babu karatasi haikuuliza.

Safari ilikuwa inaanzia kwenye lango la mji. Kwenye daftari langu nilishamwandalia mlinzi swali lake la kwanza: "Wewe ni mtu wa wapi?"

Nikalitazama lile swali. Mzee alikuwa ameshika kalamu, ananisubiri. Nikafunga daftari.

"Umefika langoni," nikasema. "Mlinzi kakuona. Anakwambia, shikamoo mzee, karibu nyumbani."

Mzee akaweka kalamu chini.

"Marahaba," akamjibu mlinzi. Kisha akaliokota dadu kwa vidole vyake mwenyewe. "Haya, hili linarushwaje?"